Kabla ya Kuvuta Kamba: Nilivyofufua Msumeno wa Mnyororo wa Zamani

Chenso ya zamani ikiwekwa mezani, kila aliye karibu hutaka jambo moja: vuta kamba tuisikie. Kwangu kamba huja mwisho. Msumeno ninaousimulia hapa ni wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, injini ya sentimita za ujazo 60 hivi, mwili wa magnesiamu, pointi za kuwashia (vigusio vinavyokata umeme ili cheche itoke) zimejificha chini ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na hauna breki ya mnyororo. Mzee aliyenikabidhi aliniambia, "Mwanangu, huu ulikuwa unafanya kazi vizuri siku nilipouweka stoo." Naamini alisema anachokiamini. Lakini hakuna mtu anayeweka stoo, miaka nenda miaka rudi, msumeno unaokata vizuri. Kuna siku ulianza kusumbua, mwenyewe akachoka kuubembeleza, akauweka pembeni mpaka atakapopata nafasi, na nafasi haikupatikana. Kufufua mashine ni kuitafuta siku hiyo. Ni nini hasa kilichoharibika, na je, bado kimo humo ndani?

Nashikilia hili kwa sababu ya namna injini ya mipigo miwili inavyoishi. Haina oili yake iliyowekwa chini kama injini ya gari. Pistoni, ringi na beringi za krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, zote hulainishwa na oili kidogo iliyochanganywa na petroli. Mafuta yakipungua, oili nayo imepungua papo hapo, na joto limepanda. Kwa hiyo ile tabia ya kumimina petroli tupu kwenye tundu la plagi na kuvuta kamba ni kuiendesha injini kavu, pengine ikiwa na ugonjwa uleule ulioiangusha mara ya kwanza. Itanguruma kidogo, watu watapiga makofi, na ndani pistoni itakuwa imechubuka.

Nilianza na ekzosi. Ukiifungua na kuisogeza pembeni, tundu linalobaki ni dirisha la kuitazama pistoni bila kuvunja injini. Nilizungusha flaiwili taratibu kwa mkono, tochi ikiwa karibu, nikaitazama pistoni ikipanda na kushuka. Inafaa kutumia muda hapa, kwa sababu pistoni hubeba kumbukumbu yote. Michubuko ikiwa imeizunguka pande zote, mara nyingi mashine ilitiwa petroli isiyo na oili. Ikiwa upande wa kabureta, shuku uchafu ulioingia kupitia chujio la hewa lililotoboka au lisilokaa vizuri. Ikiwa upande wa ekzosi, ambako joto ni kali zaidi, shuku mchanganyiko mwembamba: hewa nyingi, mafuta machache. Pistoni hii ilikuwa na mistari myembamba ya wima upande wa ekzosi. Haikuwa mirefu, ringi hazikuganda ndani ya mifereji yake, na kucha ikipitishwa juu ya mistari ile ilikwama kidogo sana. Mashine ilikuwa imepata homa kali, na mtu akaizima kabla haijajamu.

Nilidondosha matone ya oili ya mipigo miwili ndani ya silinda, nikaizungusha mara kadhaa isambae, kisha nikafunga geji ya kupimia kompresheni, yaani nguvu ya pistoni kubana hewa, mahali pa plagi. Ilisoma psi (pauni kwa inchi ya mraba) 130 hivi. Injini yenye afya ya aina hii huweza kufika 150 au zaidi, na ikishuka chini ya 100 huwa ngumu kuwaka, hasa ikishapata joto. Kwa hiyo pumzi ilikuwepo. Oili hupandisha kipimo kidogo kwa kuziba mianya ya ringi, kwa hiyo nilikichukulia kama dalili tu, nikasogea mbele.

Kwenye kabureta kisa kikaanza kujitokeza. Kabla ya kugusa chochote, nilihesabu skrubu za kurekebisha mafuta zilikuwa zimefunguliwa kiasi gani: unaikaza taratibu mpaka iguse, unahesabu mizunguko, unaandika. Kwa kabureta nyingi za misumeno, mzunguko mmoja hivi kwa kila skrubu ndio mahali pa kuanzia. Skrubu ya L, inayolisha injini ikiwa inanguruma polepole, ilikuwa imefunguliwa karibu mizunguko mitatu. Mtu hafiki huko kwa bahati. Alikuwa akiongeza mafuta, na akaongeza tena, kwa sababu injini ilikuwa inapata hewa kutoka mahali asipopajua.

Nikafungua kabureta yenyewe, nikitarajia kukuta utando mgumu uliokauka. Diaframu, yaani tando zenyewe zinazosukuma mafuta, zilikuwa laini kuliko umri wa mashine. Bomba la petroli nalo halikuwa la asili, na chujio la ndani ya tangi lilikuwa limebadilishwa. Maana yake, kuna fundi aliyekwisha kupita hapa. Alibadilisha kila kitu kinachohusu mafuta, msumeno ukaendelea kusumbua, akafungua skrubu, akaurudisha kwa mwenyewe. Sikumlaumu. Dalili zote ni za kabureta, na kabureta ndiyo inayoonekana.

Nikampigia simu yule mzee. Safari hii sikuuliza kama msumeno ulikuwa mzima. Niliuliza: ukiachia mafuta, ngurumo ilikuwa inashuka mara moja, au ilikuwa inabaki juu kwanza? Na ukiulaza ubavu kukata karibu na ardhi, ulikuwa unafanyaje? Akanyamaza kidogo, halafu akakumbuka vizuri kabisa. Ulikuwa unapanda wenyewe ukilazwa, na ukiachia mafuta ulikuwa unachelewa kutulia. Mwishoni alikuwa anauzima kwa swichi kwa kuogopa mnyororo usiosimama. Swali la kama ilikuwa inafanya kazi lilinipa jibu lisilo na manufaa, na haya mawili yakanipa karibu kila kitu. Tangu hapo, kila anayeniletea mashine namuuliza ilikuwa inatoa sauti gani, ikiwa imeshikwaje, ya baridi au ya moto.

Niseme kwa nini majibu yale yana uzito. Kwenye injini hii, sanduku la krenki ni sehemu ya njia ya hewa na mafuta. Pistoni ikipanda hunyonya mchanganyiko kuingia humo. Ikishuka huusukuma juu kwenye silinda. Krenki hutokeza pande zote mbili, kulia kwenye klachi na kushoto kwenye flaiwili, na kila upande una sili ya mpira inayozuia hewa isipite kando yake. Mpira ukikaa miaka mingi hukauka na kupoteza unyumbufu. Sili ikivuja, hewa ya bure huingia bila kupitia kabureta, wala hakuna skrubu inayoweza kuirekebisha, kwa sababu kiasi chake hubadilika kadiri krenki inavyocheza na mashine inavyoinamishwa. Mchanganyiko unakuwa mwembamba, joto linapanda, oili inapungua, na mistari inachorwa kwenye pistoni upande wa ekzosi. Ndiyo mistari niliyoiona.

Sikutaka kukisia, nikapima. Nilitoa kabureta na ekzosi, nikaziba matundu yote mawili kwa vipande vya tyubu ya tairi vilivyobanwa na vibati vya chuma. Pistoni niliiacha chini kabisa ili njia zote za ndani ziwe wazi. Kisha nikasukuma hewa kupitia tundu la plagi mpaka psi 7. Mshale wa geji ukatulia, na povu la sabuni nililopaka kwenye viungo halikutoa hata tone moja la hewa. Wengi huishia hapo na kusema injini ni nzima. Lakini mdomo wa sili umeelekea ndani ya sanduku la krenki, kwa hiyo hewa ikisukumwa kutoka ndani huubana mdomo huo kwenye shafti, na sili mbovu inaweza kuonekana nzima. Lazima ujaribu na kinyume chake. Nikageuza pampu ikawa inanyonya, na mshale ukaanza kurudi nyuma mbele ya macho yangu.

Nilitoa flaiwili. Hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu nimeona shafti nyingi zilizoharibiwa kwa nyundo. Flaiwili hukaa kwenye mchongoko wa krenki na hushika sana. Tumia kifaa chake cha kuivuta itoke, kama kipo. Kama huna, usipige ncha tupu ya shafti kamwe; rudisha nati ilingane na ncha ili isipondeke, na hata hivyo jua kwamba kila pigo linazifikia beringi. Chini ya flaiwili nilidondoshea oili ukingo wa sili huku pampu ikinyonya. Oili ikavutwa ndani na mshale ukasimama. Ugonjwa ulikuwa pale, nyuma ya chuma kizito, mahali ambapo mtu anayeshughulika na kabureta hana sababu ya kufika.

Sili zote mbili nilizibadilisha, ingawa ya upande wa klachi ilikuwa bado inashika. Zina umri mmoja. Klachi ya misumeno mingi hufunguka kinyume, yaani unaizungusha kwa mwelekeo wa mshale wa saa ili kuilegeza, na pistoni lazima izuiwe isizunguke. Mimi huingiza kamba laini kupitia tundu la plagi, ikajaa juu ya pistoni. Haichubui kitu, tofauti na chuma au bisibisi. Sili ya zamani niliichokoa kwa ndoano nikihakikisha sigusi shafti, maana mkwaruzo mmoja hapo utakula sili mpya. Mpya nilizipaka grisi kwenye mdomo, nikazigonga taratibu kwa soketi yenye upana sawa mpaka zikakaa wima. Nikapima upya, kusukuma na kunyonya, na mshale ukabaki mahali pake.

Kwa kuwa flaiwili ilikuwa nje, nilizishughulikia pointi. Nyuso zake zilikuwa na ukungu wa kijivu, hali ya kawaida kwa mashine iliyolala, na ukungu huo pekee unatosha kuzuia cheche. Nilipitisha msasa laini sana mara chache, kisha kipande cha karatasi safi chenye spiriti mpaka kikatoka cheupe. Hatua ya karatasi watu huiruka, halafu wanashangaa cheche haitoki. Vumbi la msasa na mafuta ya vidole ni kizuizi tosha. Nafasi ya pointi niliiweka milimita 0.4 zikiwa zimefunguka kabisa, kibati cha kupimia kikipita kwa kugusa. Ile funguo ndogo ya flaiwili niliitazama kama haijakatika upande, kwa sababu ikisogea, cheche hutoka wakati usiofaa na mashine hupiga mkono kupitia kamba. Koili, inayozalisha umeme wa cheche, niliirudisha ikiwa na nafasi ya unene wa kadi ngumu, milimita 0.3 hivi, kati yake na sumaku. Cheche ikatoka ya buluu. Kondensa, kile kifaa kidogo kinacholinda pointi zisiungue, ingekuwa imechoka, ningeiona ya manjano na dhaifu, na pointi zingekuwa zimeungua.

Kabureta niliisafisha tu na kuweka diaframu mpya, kwa sababu zilizokuwamo, japo laini, zilikuwa zimeshakaa na petroli iliyogeuka gundi. Mpangilio wa gasketi na diaframu si sawa pande zote mbili za kabureta. Piga picha kabla ya kutoa. Hakikisha pia kile kitundu kidogo kinacholeta mapigo ya hewa kutoka sanduku la krenki hakizibwi na gasketi, maana mapigo hayo ndiyo yanayoendesha pampu ya mafuta. Kwa kabureta za kampuni ya Tillotson aina ya HS, kile kimkono cha kufungulia sindano inayoruhusu mafuta kuingia hukaa usawa na sakafu ya chumba chake. Kikiwa juu, injini hufurika. Kikiwa chini, hufa njaa.

Kuhusu mchanganyiko, kifuniko cha tangi kiliandikwa 16 kwa 1, yaani mililita 62.5 za oili kwa lita moja ya petroli. Maandishi hayo yalifaa oili za wakati ule. Oili za mipigo miwili za leo ni bora zaidi, na nyingi zimetengenezwa kwa 50 kwa 1, mililita 20 kwa lita. Kwa mashine yenye beringi za umri huu natumia 32 kwa 1, mililita 31 hivi kwa lita, na sina sababu ya kubadilisha. Anayedhani kwamba oili nyingi zaidi ni usalama zaidi akumbuke kwamba kila tone la oili limechukua nafasi ya petroli, kwa hiyo kabureta lazima irekebishwe upya. Jambo jingine ni ethanoli, ile pombe inayochanganywa kwenye petroli. Inavuta maji, na mpira uliotengenezwa zamani haukuumbwa kwa ajili yake. Petroli isiyo na ethanoli ikipatikana, ndiyo ninayoitia.

Basi nikavuta kamba. Choki imefungwa, mivuto michache, ikakohoa. Choki nikaifungua, ikashika. Nilipobonyeza mafuta na kuachia, ngurumo ilishuka mara moja ikatulia. Nikaulaza msumeno ubavu wa kulia, nikaulaza ubavu wa kushoto, nikauelekeza pua chini. Sauti haikubadilika. Furaha ya kusikia injini ikiwaka naijua, lakini hii ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu nilijua kwa nini inawaka.

Kurekebisha kabureta niliacha mpaka ipate joto. L niliiweka pale injini inapopokea mafuta bila kusita. Ilitulia karibu na mzunguko mmoja. Sailensa, yaani mwendo wa injini mafuta yakiwa yameachiwa, niliishusha mpaka mnyororo usimame kabisa. Skrubu ya H, inayolisha injini ikiwa kwenye kasi kubwa, ndiyo inayoua mashine ikikosewa. Ukibonyeza mafuta yote bila kukata, sauti inapaswa kuwa na mtikisiko, kama inajikwaa kidogo. Ukiingiza kwenye gogo, mtikisiko unatoweka na sauti inanyooka. Ikiwa inalia kwa sauti nyembamba iliyonyooka hata nje ya mti, inapendeza masikioni na inaungua ndani. Siku zote naiacha upande wa mafuta mengi kidogo. Nguvu ninayoipoteza ni ndogo, na pistoni ile ilikwisha kuungua mara moja.

Mnyororo na ile baa inayoubeba havikunichukua muda. Kingo za baa nilizisawazisha kwa tupa, mfereji nikausafisha, tundu la oili nikalizibua. Mnyororo ulikuwa wa kipimo cha kawaida cha inchi 3/8, kwa hiyo tupa ya mviringo ya milimita 5.5, pembe ya digrii 30, na kila jino likipata idadi sawa ya mivuto. Nikinoa aina hii ya jino humkumbuka Joseph Buford Cox, mkata miti wa Marekani aliyetazama funza wa mbawakawa akitafuna mbao kwa kupeleka taya kulia na kushoto, akabuni mnyororo wa meno yanayokata kwa namna ile. Kampuni yake ilianza mwaka 1947, na mnyororo nilio nao mikononi bado ni wa ukoo huo. Andreas Stihl alikuwa ameshatengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929, lakini meno ya enzi zile yalikwaruza kama ya msumeno wa mkono. Hii yetu inachonga.

Kilichobaki ni jambo ambalo ufundi hauwezi kulirekebisha. Msumeno huu hauna breki ya mnyororo, na mikono yake haina mipira ya kupunguza mtikisiko. Pua ya baa ikigusa kitu kwa robo yake ya juu, msumeno hurudi nyuma kuelekea usoni kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuiwahi, na hapa hakuna chuma cha kuusimamisha mnyororo. Mtikisiko wa muda mrefu nao huharibu mishipa midogo ya vidole mpaka vikawa vyeupe na kufa ganzi. Kwa hiyo nimemwambia mzee waziwazi, na mimi mwenyewe nafanya hivyo: msumeno huu unakata magogo yaliyolala chini na kutegemezwa vizuri, kwa katikati ya baa, kwa vipindi vifupi, mkataji akiwa na kinga ya masikio, miwani, na suruali ya kuzuia mnyororo. Kuangusha miti na kupunguza matawi, pua inakojificha katikati ya vijiti, hufanywa na msumeno wenye breki.

Baada ya matangi machache nilikaza upya bolti za silinda na ekzosi, kwa kuwa gasketi mpya hukaa chini kidogo zikipata joto, kisha nikatoa plagi. Ilikuwa na rangi ya hudhurungi, kavu. Ekzosi nikaifungua tena, nikamulika. Mistari ile myembamba bado ipo pale pale, na haijaongezeka.